Lobi Gani?

Simu ya Aziza iliingia nikiwa nachambua dagaa uani kwetu Ujiji, na neno la kwanza alilolisema, hata salamu haijatoka, lilikuwa "Mama." La pili lilikuwa "lobi." Aziza ni wifi yangu, dada wa mume wangu Yakubu, na kwa lugha ya kwao Kisangani mimi ni semeki yake na yeye ni semeki yangu. Mama aliyemtaja ni mama yao, mkwe wangu, ambaye tulijua yuko kitandani na tulikuwa tunajiandaa kwenda kumtazama. Lobi, kwa Kilingala, ni kesho. Kwa Kilingala hicho hicho, lobi ni jana. Mwenye lugha yake hapati taabu, kwa sababu kitenzi kinamwambia ni siku ipi, lakini Aziza hakuweka kitenzi chochote. Nikasimama na dagaa mkononi nikiomba iwe kesho: kesho anapelekwa hospitali, kesho anatolewa hospitali, kesho lolote lile. Nikamwuliza, "Lobi gani, semeki?" Hakujibu, na kwa kule kutojibu nikajua ni ile iliyokwisha kupita.

Swali hilo nilishawahi kuliuliza, kwa maneno hayo hayo, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwenye baraza ya nyumba yake marehemu, siku ya Idi yangu ya kwanza mbali na kwetu. Siku ile pia sikujibiwa. Na tulipofika Kisangani, mimi na Yakubu, Mama akiwa ameshazikwa lakini matanga bado hayajavunjwa, walinikalisha kwenye baraza ile ile, chini ya bati lile lile lenye kutu, nikiangalia geti lile lile la bati ambalo mwaka ule nililikodolea macho mpaka yakauma. Wanawake waliniletea kahawa na kwanga, ule mkate wao wa muhogo. Nilikula kidogo, nikasema asante, na akili yangu ikarudi ilikotaka kurudi.

Sitaeleza nilivyoolewa na mtu wa Kisangani. Watu wa Ujiji wamelieleza vya kutosha kwa niaba yangu. Niseme tu kwamba nilifika pale nikiwa msichana mwenye kiburi cha aina moja: nilidhani naenda nchi ya watu lakini lugha ninayo. Kiswahili si Kiswahili? Siku ya kwanza nilipofungua mdomo, watoto wa mtaa walikusanyika getini kunisikiliza, na Aziza, ambaye alikuwa bado anasoma sekondari, akatangaza kwamba bibi ya Yakubu anasema sawa radio, yaani mke wa Yakubu anaongea kama redio. Jina likanibaki. Mama mwenyewe hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye tabia ya kukuangalia mikono badala ya uso unapoongea naye. Kwangu alisema Kiswahili chao, kwa wachuuzi alisema Kilingala, na alipotaka nisielewe alisema Kilingala hata kwa wanawe. Hakunificha hilo. Alikuwa akigeuza lugha mbele yangu waziwazi, kama mtu anayefunga mlango, na mimi nilikuwa nabaki nje nimeshika ufagio.

Nyumba ilikuwa upande wa Tshopo, karibu na maporomoko yanayotoa umeme wa mji mzima. Upepo ukivuma upande wetu tuliyasikia, na bado jioni nyingi tulikula kwa kibatari, Aziza akinung'unika kwamba kurani, yaani umeme, inazaliwa hapa hapa na kulala kwa wengine. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, sanduku langu, na dirisha lililotazama jiko. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa namwona Mama jikoni kabla sijanawa uso: anatwanga ndizi zilizochemshwa mpaka ziwe lituma, anazifinyanga madonge kwa viganja, anazipanga kwenye sinia. Jiko lilikuwa lake. Nilisafisha samaki, nilichambua sombe, yaani kisamvu, nilipuliza moto, lakini mwiko sikuushika. Mara moja tu, siku za mwanzo za Ramadhani, aliniruhusu nipike pilau kwa bizari niliyokuja nayo kwenye kopo kutoka kwetu, bizari ambayo mama yangu aliisaga mwenyewe akilia. Mama mkwe alifunua chungu, akatazama, akauliza kwa upole kabisa, "Muchele imeungua?" Nikamwambia hapana, ndiyo rangi yake. Akala matonge mawili kwa heshima, kisha akaagiza lituma. Nilikwenda chumbani nikalifunga kopo langu kwa kitambaa, nikalisukuma chini ya kitanda, na nikaapa sitapika tena nyumba ile mpaka nife.

Nawaambia wanangu siku hizi kwamba kufunga ugenini si kazi, kazi ni kufungua. Mchana wa Ramadhani unafanana popote. Lakini jua likishazama, kila mtu anarudi alikozaliwa. Mimi nilikuwa narudi Ujiji: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, kelele za kaka zangu wakigombea tende. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na watu wema wanaokula samaki kwa mawese, na tonge naligeuza kinywani tu. Aliyenisaidia kumeza ni Yakubu. Alikuwa ananipigia hadithi za mtoni mpaka nacheka. Kazi yake ilikuwa kushuka Mto Kongo kwa balenieri, zile mashua ndefu za mbao zenye mota, kununua mawese na mchele kule chini, Yanonge na kuendelea, na kuvipandisha mjini. Alipoondoka mara ya mwisho ndani ya mwezi ule, alinikuta nimenuna. Akanishika kidevu akasema, "Idi utakula na miye. Ngoya tu." Nikamwambia nitangoja, lakini akichelewa atakula makoko.

Siku ya mwisho ya mfungo, alasiri, nilikuwa barazani nachagua mawe kwenye mchele. Getini akaja Mama Georgine, mwanamke wa kule chini anayeuza samaki wa kukausha, ambaye hupanda na pirogi, mtumbwi wa mota, kila anapopata mzigo. Kwa kawaida alikuwa anaingia akipiga kelele na kujirusha kwenye kiti. Siku ile alibaki getini. Mama akamfuata. Walizungumza Kilingala, chini chini, na mimi nikanyoosha shingo kwa sababu nilisikia jina la mume wangu. Nilipata maneno matatu tu: Yakubu, Yanonge, lobi. Mama Georgine aliondoka bila kupima samaki hata mmoja, akaacha furushi lote chini. Mama alisimama pale geti likiwa wazi, mgongo kwangu.

Alipogeuka nilikuwa nimeshasimama na ungo. Nikamwuliza anasemaje. Akaniangalia mikono, kama kawaida yake.

"Anasema lobi," akajibu. "Yanonge. Lobi."

Neno lile nililijua vizuri. Nilikuwa nimefundishwa na wachuuzi wa sokoni: ukikosa unachotaka, mchuuzi anakuambia lobi, yaani rudi kesho. Nikalipokea kwa mikono miwili. Kesho! Mume wangu anatoka Yanonge, kesho yuko nyumbani, na mwezi ukionekana leo kesho ni Idi. Nilicheka peke yangu. Na Mama, badala ya kuniambia niache ujinga nirudi kwenye mchele, akapita jikoni, akachukua mwiko wake mrefu uliokuwa umening'inia ukutani, akaja kuniwekea juu ya ungo. "Kesho upike weye," alisema. "Upike ile yako ya kwenu." Nikaona nimeshinda. Miezi ya kusafisha magamba ya samaki ilikuwa imelipa. Nilikimbia chumbani kulitoa kopo chini ya kitanda, na sikujiuliza kwa nini mwanamke aliyelinda jiko lile namna ile aliliachia jioni ya kuamkia Idi, siku ambayo kila mwenye nyumba anataka chungu chake kisifiwe.

Mwezi ulionekana. Tari zililia msikitini, watoto wakatoka barabarani, jirani akachungulia juu ya ukuta akasema, "Fête ni lobi." Nikamjibu ndiyo, lobi, na mume wangu pia ni lobi. Yule jirani alinitazama, halafu akamtazama Mama aliyekuwa nyuma yangu, halafu kichwa chake kikashuka upande wa pili wa ukuta.

Asubuhi ya Idi nilivaa gauni langu jipya, nikafunga kilemba kama tunavyofunga kwetu, nikaanza kupika kabla watu hawajarudi kutoka kuswali. Pilau ilinukia mpaka barabarani. Nilikuwa nasikiliza geti kwa sikio moja na chungu kwa sikio la pili. Kila baiskeli ya toleka iliyopita nilidhani imempakia Yakubu, kwa sababu akishuka libongo, yaani kwenye gati ya mtoni, alikuwa na kawaida ya kupanda toleka na kumwimbisha dereva njia nzima. Zilipita nyingi. Hakuna iliyosimama kwetu.

Aziza alirudi akichechemea, viatu mkononi. Akavitupa barazani akavitukana. Alisema amevinunua lobi na vimeshamtoa malengelenge.

Nikamwuliza, kwa mzaha, mtu ananunuaje viatu kesho na kuvivaa leo.

Alinicheka, maskini, nami nikadhani ni kwa moyo mweupe. Akanieleza kama mwalimu, akihesabu kwa vidole viwili: lobi ni hier, semeki, na lobi ni demain. Yote ni lobi. Inategemea unasemaje.

Sijui kama nitaweza kueleza kilichonipata. Nilibaki na mwiko juu ya chungu na neno lile likageuka kichwani mwangu, taratibu, likanionyesha upande wake wa pili. Kama ni kesho, Yakubu yuko njiani. Kama ni jana, basi Mama Georgine alisema kwamba Yakubu alitoka Yanonge siku moja kabla ya yeye kuja. Na balenieri ikitoka Yanonge haichukui muda huo wote kufika mjini. Ilipaswa kufika kabla ya Mama Georgine mwenyewe. Ilipaswa kufika kabla mwezi haujaandama. Nilikuwa sijui mengi ya nchi ile, lakini habari za balenieri zinazopakiwa kupita kiasi na kutembea bila taa nilikuwa nazijua, kwa sababu Yakubu alikuwa anazigeuza mzaha ili nisiogope, na mimi nilikuwa nacheka na kuogopa hivyo hivyo.

Nikamkuta Mama barazani. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amekaa kwenye kigoda, mbele yake bakuli la hina aliyoikoroga mbichi kabisa, nyeusi nyeusi, inanuka ndimu.

"Mama," nikasema, "lobi gani?"

Hakuinua macho.

"Mama Georgine alisema lobi gani? Ya kupita au ya kuja?"

"Leta mikono," akasema.

Nikamwambia sitaki hina. Hina inapakwa jana yake, si siku yenyewe watu wameshavaa. Na kwetu mwanamke hajipambi mumewe akiwa safarini, watu watasema anampambia nani. Nikamwambia nataka kwenda libongo kuuliza. Sauti yangu ilikuwa imepanda na sikuwa nimewahi kumpandishia sauti. Nilitegemea anipige kofi, na kwa kweli ningelipokea vizuri, lingekuwa angalau jibu. Badala yake akanishika vifundo vya mikono, vyote viwili, akanivuta mpaka nikakaa kwenye mkeka, na akaanza kunipaka. Alikuwa na nguvu kama mwanamume. Alianza na kiganja cha kulia. Alichora taratibu kwa kijiti, nukta kwa nukta, kama mtu ambaye hana kazi nyingine duniani, na kila nilipotaka kuinuka alisema jambo moja tu: ikala, itaharibika.

Nilikaa. Nililia pia, na machozi sikuweza kuyafuta, kwa sababu ya mikono. Ndipo wakaanza kuingia wanawake. Hili nililikumbuka miaka yote kwa uchungu wa pekee. Hawakuingia kama watu wa Idi. Waliingia kimya, wawili wawili, vitenge wamejitanda mabegani, nyuso chini. Wanafika katikati ya uwanja, wanainua macho, wanaiona mikono yangu iko mapajani mwa Mama, na wanasimama ghafla. Wanatazamana. Halafu mmoja anasema, kwa sauti isiyo yake, "Bonne fête, Mama," na wengine wanaitikia. Nilijua wanachofikiria, au nilidhani najua: mgeni huyu hana haya, mume hajulikani aliko, yeye anapakwa hina. Bibi mmoja mzee wa jirani alikuja mpaka barazani, akanigusa kilemba, akaanza kusema "mawa," ambalo kwa Kilingala ni huruma na ni masikitiko. Mama alimkata kabla hajaongeza la pili.

"Mawa ya nini? Leo ni fête. Ikala, ukule. Bibi ya Yakubu amepika."

Yule bibi akakaa. Wote wakakaa. Wakapakuliwa pilau yangu na Aziza, ambaye macho yake yalikuwa mekundu na nilidhani ni viatu. Walikula wale wanawake kama watu wanaomeza dawa, na hakuna aliyeuliza kama mchele umeungua.

Simu ya nyumba ilikuwa ya Aziza. Ililia tukiwa kwenye kiganja cha pili, na ilikuwa mama yangu kutoka Ujiji. Sikuweza kuishika. Mama mkwe aliipokea, akaniwekea sikioni kwa mkono wake mwenyewe. Nyuma ya sauti ya mama nilisikia nyumba yetu yote: sahani, watoto, kaka yangu akiita mtu aje ale. Mama yangu akanitakia Idi njema, akaniuliza nimepika nini, akafurahi kusikia ni pilau. Kisha akauliza, "Na mwenzio hajambo?" Nilifungua mdomo. Sikuwa na hakika kitakachotoka, na nadhani kingekuwa kilio. Simu ikaondoka sikioni mwangu.

"Iko njiani," Mama mkwe alimwambia mama yangu, kwa sauti ya furaha kabisa. "Ndiyo, Mama. Bwana yake iko njiani. Mutoto yenu iko muzuri, tuko tunamupaka hina."

Wakazungumza kidogo, mmoja na Kiswahili chake na mwingine na chake, wakaombeana dua, akakata. Nilimchukia wakati ule. Nasema ukweli, nilimchukia kwa moyo wote. Niliona mwanamke ambaye mwanawe hajulikani aliko na yeye anachekacheka kwenye simu na kuchora maua. Nilijiambia kwamba akirudi Yakubu nitamwambia anirudishe kwetu, na asiporudi nitarudi mwenyewe, hata kwa miguu.

Alimaliza jua likiwa limeelemea. Nukta ya mwisho aliiweka kwenye ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Akaweka kijiti chini, akanyoosha mgongo, akainua uso. Hakuniangalia mimi. Aliangalia juu ya ukuta, upande wa libongo.

"Bon," akasema. "Sasa haiwezi tena."

Nilielewa kwamba nimezuiwa kutoka, kwamba saa zimeshakwenda na mikono yangu haifai kwa lolote, na ndicho alichokitaka. Nilimgeuzia uso.

Siku ya pili, watu wakiwa wamechoka kula, geti lilifunguka bila hodi. Yakubu aliingia kwa miguu. Hakuwa na viatu, shati halikuwa lake, mguu mmoja umefungwa kitambaa kigumu kwa damu. Balenieri yao ilikuwa imegonga gogo gizani, imepasuka na kuzama na mzigo wote, na yeye na wachache waliojua kuogelea walitupwa kwenye kisiwa cha wavuvi, ambako walikaa wakitafuta wenzao mpaka ikapatikana pirogi ya kuwapandisha. Hayo alituambia baadaye. Pale pale alipoingia alisimama tu, na mimi nilimkimbilia nikamshika shati lile la watu nikashindwa kuliachia. Mama alikuwa barazani. Hakuinuka. Alimtazama mwanawe kuanzia miguuni kwenda juu, akasema, "Angalia kwanza mikono ya bibi yako. Rangi imekamata?" Yakubu, na akili zake zote zikiwa bado majini, akanishika mikono akaiangalia. Ilikuwa imekolea sana, nyekundu ya kukaribia weusi. Akasema ndiyo, Mama, imekamata. Mama akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na hatukumwona mpaka kesho yake. Tulidhani pilau imemdhuru.

Sikurudi Ujiji mwaka ule. Miezi ikapita, ikaja Idi ya kuchinja, na Mama akaning'iniza mwiko wa pili ukutani, ukawa wangu. Pilau aliipa jina la muchele ya kuungua, na kufikia mwisho wa mwaka wageni walikuwa wanakuja kuiulizia kwa jina hilo. Tulizoeana. Tulihama miaka mingi baadaye, biashara ya Yakubu ilipogeukia ziwani, na kila nilipokuwa kwetu kwenye mikusanyiko ya wanawake nilisimulia kisa cha hina ya Idi. Nilikisimulia kama kichekesho cha mkwe mwenye moyo wa chuma, aliyenifunga mikono kwa maua ili nisimsumbue kwa maswali. Walicheka sana. Nilikuwa najua kuiga hata sauti yake.

Sasa matanga. Siku ya tatu tangu tufike, wanaume wakiwa nje kwenye viti vya plastiki, Yakubu katikati yao, Aziza alikuja akakaa kando yangu barazani na furushi la vitu vya Mama tuvigawane. Kulikuwa na vitenge, tasbihi, miwani. Kulikuwa na kopo la hina, limekauka. Nikacheka kidogo, nikasema, ndiyo hii aliyonifungia. Nikaanza kusimulia. Aziza hakucheka. Aliniuliza, taratibu, kama kweli sijui. Nikamwuliza sijui nini.

Akaniambia. Siku ile Mama Georgine alipokuja, Aziza alikuwa nyuma ya geti anafua, akasikia yote, na Mama akamwapisha aendelee kucheka nami kama kawaida. Mama Georgine alisema balenieri iliyotoka Yanonge jana yake imezama. Alisema amepita asubuhi akaona madumu ya mawese yanaelea, yenye mstari mwekundu wa Yakubu, na hakuona mtu hata mmoja. Amekuja kutoa pole. Mama alimwambia aache samaki aende, na asiseme neno hilo mbele yangu, kwa sababu huyu ni mtoto wa watu, yuko mbali na kwao, na kesho ana fête. Lakini habari za mtoni hazifungiki getini. Usiku ule mji ulishajua. Wale wanawake waliokuja kimya, vitenge mabegani, hawakuja kunisengenya. Walikuja kwenye msiba. Walikuja kunikalisha chini na kunivua mapambo, na kunianzisha eda.

"Na mwenye eda hapakwi hina, semeki," Aziza alisema. "Unajua weye kuliko miye."

Ninajua. Kila mwanamke wa Kiislamu anajua. Mjane hagusi hina mpaka eda iishe. Ukimkuta mwanamke amepakwa hina mbichi na mama wa mume, mchana, barazani, mbele za watu wote, huwezi kumwita mjane. Mdomo hautafunguka. Utasema bonne fête, utakaa, utakula.

Nikamwuliza kama Mama alikuwa na uhakika kwamba Yakubu yu hai. Aziza akasema hakuwa na uhakika wowote. Yeye mwenyewe alimwuliza alipomkuta anakoroga ile hina, akitetemeka mikono mpaka maji yanamwagika, na Mama akamjibu: "Miye sijaona maiti. Mutu hawezi kumufanya mujane ndani ya nyumba yangu, miye sijaona maiti." Kisha akasubiri mikono itulie, akabeba bakuli akatoka.

Nililia kama ambavyo sikuwahi kulia tangu ile simu ya Aziza. Nilimlilia yule mama aliyejifungia chumbani siku nzima baada ya mwanawe kurudi, na sisi tukasema ni pilau. Nje Yakubu alisikia, akageuka kwenye kiti chake kuniangalia, mzee wangu mwenye mvi na kovu la mguu, na nikamwashiria kwa mkono kwamba si kitu, abaki na watu wake. Nililishika lile kopo. Nikainua uso, nikatazama alikotazama yeye siku ile, juu ya ukuta, upande wa libongo. Sasa haiwezi tena. Miaka yote nilidhani ananiambia mimi. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, na mto alikuwa anautazama kule, anauambia kwamba umechelewa kumfanya huyu mjane.